Binti yangu anasema 1/2 + 1/3 = 2/5. Nimwambie nini?

Mama_Nafaka (Nakuru)

Wadau, habari za jioni. Mimi nauza nafaka huku Kaptembwa, na kifungua mimba wangu yuko gredi ya sita. Jana amekaa juu ya gunia la mahindi anafanya kazi ya nyumbani, mimi napepeta maharagwe, nikachungulia daftari. 1/2 + 1/3 = 2/5. Chini yake, 3/4 + 1/6 = 4/10. Hivyo hivyo mpaka mwisho wa ukurasa. Mwandiko safi, mistari imepigwa kwa rula, na hakuna jibu hata moja lililo sawa.

Nikamwambia, "Hapa umekosea, mama." Akaniuliza, "Wapi?" Nikanyamaza.

Ikabidi yeye ndiye anieleze mimi. Juu kuna moja na moja, hiyo ni mbili. Chini kuna mbili na tatu, hiyo ni tano. Alama ya katikati ni ya kujumlisha, sasa si nimejumlisha? Kusema kweli sikuwa na la kumjibu. KCPE, ule mtihani wa kumaliza shule ya msingi, nilifanya, na nakumbuka tulikuwa tunatafuta LCM, ile namba ndogo kabisa inayogawanyika kwa zote za chini, tunagawanya kwa ya chini, tunazidisha kwa ya juu. Nakumbuka jinsi ya kufanya. Sikumbuki kwa nini.

Mwalimu wake ameandika "rudia" kwa wino mwekundu, basi. Jibu najua ni 5/6, hilo sitafuti. Natafuta maneno ya kumwambia mtoto.

Kijana_wa_Kakamega

Mama, simu yako ina kikokotoo. Bonyeza, andika jibu, mlale.

Mama_Nafaka (Nakuru)

Nilibonyeza. Kikaniletea 0.8333333. Nikampa hiyo, akaniuliza hizo tatu zinaishia wapi. Sasa nina maswali mawili badala ya moja.

Mwalimu_Mstaafu (Kisumu)

Mama, kwanza usimfokee. Mtoto anayekosea ukurasa mzima kwa kanuni moja hufundishika haraka kuliko anayebahatisha akapata nusu.

Kesho usianze na LCM. Muulize hivi: nusu ya shilingi kumi ni ngapi? Atasema tano. Na 2/5 ya shilingi kumi? Nne. Basi ulikuwa na tano, ukaongezewa kitu juu yake, ukabaki na nne. Hapo nyamaza. Mwache ahangaike nalo mwenyewe hata kama ni mpaka asubuhi.

Sasa niseme linapotoka kosa lenyewe. Nimefundisha hesabu zaidi ya miaka thelathini, mingi nikiwa Vihiga, na 2/5 hiyo nimeiona kila mwaka. Nilichelewa kujua kwamba inatoka kwetu sisi walimu. Fungua daftari lake uangalie alama: Jumatatu amepata 7/10, Alhamisi 12/20, na mwisho wa wiki mwalimu anaandika jumla 19/30. Juu kwa juu, chini kwa chini! Na hapo ni sahihi kabisa. Maswali kumi na maswali ishirini ni thelathini, aliyopata ni kumi na tisa. Mpira ni hivyo pia. Mchezaji akipiga penalti mbili akafunga moja, wiki nyingine akapiga tatu akafunga moja, amefunga 2 kati ya 5. Nusu yake na thuluthi yake zimekuwa 2/5 na hakuna refa atakayebisha.

Kwa hiyo mkwaju mmoja, hiki kistari cha /, tumeupa kazi mbili bila kumwambia mtoto. Kwenye alama, namba ya chini inahesabu maswali yaliyokuwepo, na kila mtihani ni kitu chake. Kwenye sehemu, kitu ni kimoja. Namba ya chini inataja tu kimekatwa vipande vingapi, ili ujue kipande ni kikubwa kiasi gani. Maswali yanaongezeka. Chapati haiongezeki kwa sababu umeikata.

Mwalimu_wa_Lugha (Nakuru)

Naomba kuingilia, mimi ni wa Kiswahili na hesabu ilinipiga chenga zamani.

Mama, muulize binti yako akisami, yaani majina ya sehemu kuanzia 1/2 mpaka 1/10. Atakuimbia bila kupumua: nusu, thuluthi, robo, humusi, sudusi, subui, thumuni, tusui, ushuri. Wanazikariri kwangu mpaka wanaota. Kengele inalia, anaingia mwalimu wa hesabu, somo linakuwa la Kiingereza, na hakuna anayewaambia kwamba ni vitu vilevile walivyokuwa wakiviimba dakika tano zilizopita. Nami nimo katika hao wasiowaambia, nimeona haya kuandika hivyo lakini ndivyo ilivyo.

Hebu asome hesabu yake kwa sauti, kwa Kiswahili. Nusu jumlisha thuluthi. Halafu asome jibu lake. Humusi mbili. Humusi imetoka wapi? Hapakuwa na humusi yoyote pale mezani. Ukiandika 1/2 kuna ile 2 pale chini inakukonyeza uijumlishe. Ukisema "nusu" hakuna mbili tena, kuna jina tu.

Kwenye bucha hakuna anayekosea hesabu hii. Nusu kilo, niongeze na robo. Mtu anakatiwa robo tatu, analipa, anaenda. Hajatafuta LCM, ila anajua tangu utotoni kwamba nusu ni robo mbili.

Kijana_wa_Kakamega

Mimi thuluthi nimeijua kwa sababu ya Bunge na ile sheria ya thuluthi mbili ya jinsia. Shuleni ilipita juu ya kichwa.

Mwalimu_Mstaafu (Kisumu)

Mwalimu wa Lugha, hilo la humusi ningelijua mapema ningeokoa chaki nyingi. Na bucha yako inaficha siri moja: nusu na robo ni rahisi kwa sababu moja inaingia ndani ya nyingine. Nusu na thuluthi haziingiliani. Hapo ndipo bucha inaisha na hesabu inaanza.

Mama_Nafaka (Nakuru)

Narudi na ripoti, na ni ndefu, mnivumilie.

Swali la shilingi kumi nilimuuliza jana usiku. Alinyamaza, akasema "ngoja", akalala. Asubuhi anafunga viatu akaniambia, "Mama, haiwezekani ikawa chini ya nusu." Nikasema sawa, jioni tutaona.

Jioni, pale kibandani. Nina gorogoro langu, ule mkebe wa kilo mbili hivi. Nikamwambia, jirani mmoja anataka nusu gorogoro ya maharagwe, mwingine anataka thuluthi ya gorogoro, nitie zote kwenye mfuko mmoja. Ni kiasi gani cha gorogoro? Akaniangalia kama mtu aliyepewa kazi ya kulipwa. Kuna kikombe kikubwa cha plastiki tunachonywea uji. Akaanza kumimina maharagwe kwenye gorogoro kwa hicho kikombe, anahesabu. Cha sita kikalijaza. Ilibaki nafasi kama upana wa kidole, lakini mimi ni mfanyabiashara, najua kupapasa juu.

Basi nusu ni vikombe vitatu. Thuluthi ni vikombe viwili. Vitano. Kati ya sita. Akasema, "Tano kwa sita," kisha akasema, "Kumbe sikujumlisha nusu na thuluthi, nilijumlisha vikombe."

Nilitaka kufunga kibanda twende nyumbani nikiwa mshindi. Yeye akataka la pili: 3/4 na 1/6. Sudusi ni kikombe kimoja, hiyo sawa. Robo tatu ya gorogoro? Nusu ni vikombe vitatu, robo ni kimoja na nusu, jumla vinne na nusu. Akakwama kwa ile nusu kikombe. Aliikasirikia kweli! Halafu akachukua kijikombe kidogo cha chai, kinachoingia mara mbili kwenye kile kikubwa. Akapima upya. Gorogoro zima ni vijikombe kumi na viwili, robo tatu ni tisa, sudusi ni viwili. 11/12. Wakati huo wateja wawili wamesimama wanatutazama, na maharagwe mengine yako chini.

Swali langu sasa. Angeweza kutumia kifuniko cha chupa na bado ingekuja, si ndiyo? Kwa nini iwe 12 na si 24 ama 100?

Mwalimu_Mstaafu (Kisumu)

24 ingefaa. Ungepata 18/24 na 4/24, jumla 22/24, ukagawanya juu na chini kwa mbili ukarudi 11/12. Kifuniko chochote kinachojaza robo sawasawa na sudusi sawasawa kinafaa. Mia haifai: inagawanyika kwa nne, kwa sita haigawanyiki, kwa hiyo hakuna idadi kamili ya vifuniko kwenye sudusi.

LCM ni hiyo tu, Mama. Chukua kile kikombe kikubwa kuliko vyote kinachoweza kupima zote mbili bila kubakisha; idadi yake kwenye gorogoro zima ndiyo LCM. Kikombe kikubwa, idadi ndogo, hesabu fupi. Miaka yote nimeifundisha kwa namba na leo naisomea kwenye kijikombe cha chai.

Jirani_wa_Mwanza

Shikamoo Mwalimu. Nawasalimu kutoka ng'ambo ya ziwa. Huku kwetu shule za msingi za serikali tunasoma hisabati kwa Kiswahili, kwa hiyo niwape majina: namba ya juu ni kiasi, ya chini ni asili. Hiyo LCM yenu ni KDS, kigawe kidogo cha shirika. Na ni theluthi jamani, si thuluthi 😀

Lakini niseme ukweli, sisi nasi 2/5 tunayo. Kusoma kwa Kiswahili peke yake hakujatuponya. Mtoto anasema "moja juu ya mbili" badala ya nusu, anakuwa amerudi palepale.

Mwalimu_Mstaafu (Kisumu)

Marahaba. Asante kwa hilo la mwisho hasa. Dawa ni kutaja kipande kwa jina lake, kwa lugha yoyote.

Tuisheni_Tu (Kisumu)

Vikombe ni vizuri, lakini mtihani hauna vikombe. Mimi nafundisha tuisheni jioni na watoto wangu wanatumia kipepeo. 5/6 + 3/8: zidisha mshazari, 5 mara 8 ni 40, 3 mara 6 ni 18, jumla 58. Chini 6 mara 8 ni 48. 58/48, punguza, 29/24, yaani 1 5/24. Nusu dakika. Hakuna kutafuta LCM, hakuna kulia.

Mwalimu_Mstaafu (Kisumu)

Jibu ni sahihi. Sasa mpe kipepeo chako 1/4 + 1/6 + 1/8.

Tuisheni_Tu (Kisumu)

Unafanya mbili kwanza, kisha ya tatu. 1/4 na 1/6 ni 10/24. Halafu 10/24 na 1/8: 80 jumlisha 24 ni 104, chini 192. 104/192. Unapunguza kwa nane, 13/24. Imekuja.

Mwalimu_Mstaafu (Kisumu)

Imekuja ikiwa imechoka. Kwa 24 tangu mwanzo ni 6 na 4 na 3, jumla 13. Mtoto aliyefika 104/192 kwenye chumba cha mtihani, hana kikokotoo, na dakika zinakatika, ana nafasi nyingi za kuteleza kabla hajafika kwenye 13/24.

Ila hilo ni dogo. Kubwa ni hili: muulize yeyote katika watoto wako kwa nini anazidisha mshazari. Atakuambia "ndio kipepeo". Hajui kwamba 5/6 imegeuzwa 40/48 na 3/8 imegeuzwa 18/48, yaani kila kimoja kimepimwa upya kwa kikombe cha 48. Kipepeo kimemficha kikombe.

Tuisheni_Tu (Kisumu)

Mwalimu, kwa heshima, wewe ulikuwa na muhula mzima. Mimi mzazi ananiletea mtoto wiki tatu kabla ya mtihani na ananilipa kwa saa. Nikianza na kikombe cha uji atanitafutia mbadala.

Mwalimu_Mstaafu (Kisumu)

Hapo sina jibu. Mwonyeshe tu 40/48 na 18/48 mara moja kabla ya kumpa kipepeo. Ni mstari mmoja.

Tuisheni_Tu (Kisumu)

Mstari mmoja nitaweza. LCM ya ngazi bado nawafundisha kwa namba kubwa, sijaacha. Mama, kwa faida ya binti, 5/12 + 7/18 hivi: andika 12 na 18 kando kwa kando. Gawa kwa 2, zinabaki 6 na 9. Gawa kwa 2 tena, 3 na 9, maana 9 haigawanyiki kwa mbili unaishusha ilivyo. Gawa kwa 3, 1 na 3. Gawa kwa 3, 1 na 1. Zidisha ulizogawanyia: 2 × 2 × 3 × 3 = 36. Sasa 36 ina 12 ngapi? Tatu, kwa hiyo 5/12 ni 15/36. Ina 18 ngapi? Mbili, kwa hiyo 7/18 ni 14/36. Jumla 29/36. Na zikija namba mchanganyiko, kama 2 3/4 + 1 5/6, asizigeuze zote ziwe kubwa. Ajumlishe nzima kwa nzima, 3, kisha 9/12 na 10/12 ni 19/12, jibu 4 7/12.

Fundi_Kibuye (Kisumu)

Nimesoma yote nikicheka peke yangu hapa karakana, vijana wanadhani nimepata mchumba.

Mimi ni fundi wa mbao, sikumaliza shule, na hii hesabu nailia kila siku. Tepu ya inchi hiyo mnayoiona kiunoni mwa fundi ni LCM iliyochorwa. Kila inchi ina mistari kumi na sita. Mstari mrefu ni nusu, unaofuata robo, kisha thumuni, vifupi kabisa ni zile za kumi na sita. Ukiniambia robo tatu ongeza 5/8, sifikirii chochote. Robo tatu ni mstari wa 12, 5/8 ni mistari 10 mbele yake, nimefika wa 22, yaani inchi moja na mistari sita. Sita kwa kumi na sita ni 3/8. Inchi moja na 3/8. Tepu imeshakata kila kitu vipande sawa kabla sijaamka.

Hata mekanika muulizeni spana. Nusu imelegea, 5/8 inapwaya zaidi... hapana, nimekosea, nusu haiingii, 5/8 inapwaya. Atakuambia lete 9/16. Nusu ni 8/16 na 5/8 ni 10/16, iliyo katikati ni 9. Hajasoma akisami huyo.

Lakini niwape na siku niliyoliwa. Nilikuwa natengeneza kabati la mteja, mlango wa mbao ya robo tatu, juu yake nabandika plaiwudi ya 3/8. Skrubu nilizokuwa nazo ni za inchi moja na robo. Kwa jicho nikaona inatosha. Robo tatu ni 6/8, ukiongeza 3/8 ni 9/8, yaani unene wote ni inchi moja na thumuni. Skrubu ni inchi moja na thumuni mbili. Thumuni moja imetoka nje. Mlango mzima, upande wa mbele uliopakwa vanishi, ncha kumi na mbili zimechungulia kama meno ya samaki. Mteja alipitisha kiganja. Sitasema alichosema.

Mama_Nafaka (Nakuru)

Pole fundi 😂 Nimemsomea binti, ameuliza kama mlango ulirudiwa.

Fundi_Kibuye (Kisumu)

Ulirudiwa, kwa pesa yangu.

Dalali_Njoro

Kwa kuwa mmetaja thumuni. Huku Nakuru ploti inauzwa ikiitwa thumuni ya ekari, ukipima ni futi 50 kwa 100. Ekari ni futi mraba 43,560. Thumuni yake ni 5,445. 50 kwa 100 ni 5,000. Mteja akinunua mbili akiamini amepata robo ekari, ana 10,000 badala ya 10,890. Mimi ni dalali na nasema mwenyewe: tukiita kipande jina lisilo lake, kujumlisha hakutatuokoa.

Kijana_wa_Kakamega

Dalali amekiri. Uzi huu uwekwe kwenye makumbusho.

Ustadhi (Mumias)

Assalamu alaykum wote. Nilikuwa napita tu, nikaona thumuni na sudusi miguu ikagoma.

Majina hayo yote, thuluthi, sudusi, thumuni, tusui, ni ya Kiarabu, na hapa Mumias vijana wa madrasa hukutana nayo kwenye mirathi. Huko hakuna kubahatisha, kwa sababu kila sehemu ina mwenyewe na mwenyewe yuko hai anasubiri. Chukulia mtu amefariki, ameacha mke, mama mzazi na watoto wa kiume. Mke ana thumuni. Mama ana sudusi. Wana wanachukua kinachobaki. Kinabaki kiasi gani? Hujui mpaka ujumlishe 1/8 na 1/6. Nane na sita hukutana 24. Thumuni ni 3, sudusi ni 4, jumla 7/24, wana wana 17/24. Likiwa ni shamba la miwa la ekari 24, basi ni 3, 4 na 17.

Sasa tufuate kanuni ya kwanza ya binti wa Mama Nafaka: 1/8 + 1/6 = 2/14, yaani subui. Subui ya ekari 24 haifiki tatu na nusu. Mke na mama wote wawili wangepewa chini ya ekari tatu na nusu, wakati mama peke yake ana haki ya nne. Kosa la daftarini likifika shambani linakuwa dhuluma.

Na Jirani wa Mwanza amenifurahisha. Hiyo 24 wanavyuoni wa mirathi huiita asl ya masuala. Asili hiyohiyo yenu.

Niongeze moja kwa wanaopenda. Mtu ameacha mke, mabinti wawili, baba na mama. Mke 1/8, mabinti 2/3, baba 1/6, mama 1/6. Kwa 24 ni 3, 16, 4 na 4. Jumlisheni.

Tuisheni_Tu (Kisumu)

27/24. Ustadhi, hiyo imezidi moja. Umekosea mahali.

Ustadhi (Mumias)

Sijakosea, na ndiyo ladha yake. Haki zimeshinda mali. Husimuliwa kwamba Ali bin Abi Talib aliulizwa masuala haya akiwa juu ya mimbari, akajibu hapohapo kwamba thumuni ya mwanamke imegeuka tusui, akaendelea na hotuba. Maana yake mali inagawanywa mafungu 27 badala ya 24, kila mmoja anabaki na mafungu yake, na mke ana 3 kati ya 27, ambayo ni 1/9. Kila mtu amepunguziwa kwa kadiri ya haki yake. Masuala yenyewe yanaitwa ya mimbari mpaka leo. Lakini angalieni, asingeweza kujua kwamba zimezidi bila kwanza kuziweka zote kwenye 24.

Mwalimu_wa_Lugha (Nakuru)

Na ushuri, moja ya kumi, ndiyo jamaa wa ushuru tunaotozwa sokoni. Kesho naingia darasani na akisami kwa mguu mwingine.

Mwalimu_Mstaafu (Kisumu)

Mpitie na wa hesabu ofisini, muingie pamoja.

Mama_Nafaka (Nakuru)

Wadau, nimerudi baada ya siku nne. Alirudia ukurasa wote. Hakuandika namba tu, kando ya kila hesabu amechora boksi kwenye zile miraba za daftari. Kwa nusu na thuluthi amechora safu mbili za miraba mitatu. Safu moja ameipaka penseli, hiyo nusu, miraba mitatu. Kwenye boksi lingine amepaka mstari mmoja wa kwenda chini, hiyo thuluthi, miraba miwili. Hakuna aliyemfundisha hilo, mimi nilimpa vikombe tu. Moja amekosa, 2/5 + 3/10, ameandika 7/20. Nilipomwambia asome kwa akisami akasema "humusi mbili ni ushuri nne, ongeza tatu, saba", akafuta 20 mwenyewe.

Nikamtega. Nikamwambia Jumatatu ulipata 6/10, leo umepata 9/10, kwa hiyo jumla ni 15/10, umepita mtihani wenyewe? Akaniangalia kwa huruma. "Mama, hizo ni alama."

Ila sasa ameniletea swali lingine kutoka kitabu. Bomba moja linajaza tangi kwa saa 3, lingine kwa saa 6. Yakifunguliwa pamoja? Yeye amesema saa 9 kisha akasema haiwezekani, msaidizi hawezi kukuchelewesha. Hapo tumekwama wote wawili.

Fundi_Kibuye (Kisumu)

Mwambie aulize kwa saa moja kila bomba linajaza sehemu gani ya tangi.

Mama_Nafaka (Nakuru)

Yuko hapa. Anasema la kwanza thuluthi, la pili sudusi. Thuluthi ni sudusi mbili. Sudusi tatu. Nusu tangi kwa saa. Saa mbili!! Amekimbia kuichora.

Fundi_Kibuye (Kisumu)

Haya. Sasa na sisi wateja: maharagwe ya nyayo unayo? Nina shemeji anakuja Nakuru Jumamosi.

Mama_Nafaka (Nakuru)

Yapo, fundi. Aje na mfuko wake, na aseme anataka gorogoro ngapi. Anayepima siku hizi si mimi.